Zamu ya Kuchoma Hoho, Mlango B

Burgas, 16 Septemba 2023

Mama mdogo Tsonka,

Kwa unyenyekevu mkubwa, na baada ya kuvaa shati safi kwa ajili ya kuandika haya, nakuarifu kwamba Jumatatu ya tarehe 4, saa kumi na mbili na robo jioni, kwenye ngazi za jengo letu, kwa mikono kumi na moja iliyonyoshwa pamoja na gongo la mzee Rangel, mtoto wa dada yako alichaguliwa kuwa Msimamizi wa Mlango B, yaani wa familia zote zinazopanda kwa ngazi zetu. Mpinzani hakuwepo. Mimi mwenyewe pia sikuwepo, nilikuwa nimeshuka kununua mkate. Niliporudi nikakabidhiwa ufunguo wa chumba cha mita za umeme, chupa ya gundi na kalamu ya wino mzito.

“Kwa nini mimi?” nikauliza.

“Wewe si huna kazi,” akasema Rangel.

“Nina kazi, mzee. Nafanya kwenye kompyuta, nyumbani.”

“Ndicho ninachosema. Upo nyumbani kutwa.”

Mwaka wa nne huu nawaeleza kwamba nasoma madai ya bima ya watu wa Ayalandi ambao paa zao zimechukuliwa na upepo, na wao wananitazama kama mtu aliyetoka gerezani anayesimulia kwamba alikuwa masomoni. Siwalaumu. Ofisi yetu iko Cork, hukohuko Ayalandi, nao wako nyuma yetu kwa saa mbili, kwa hiyo kazi yangu huanza saa tano. Saa tatu asubuhi wananikuta natoka baharini, taulo shingoni, nywele zinachuruzika, au zile zilizobaki. Hata mimi nisingejiamini.

Amri yangu ya kwanza ilikuwa zamu ya kuchoma hoho. Nyaya za jengo hili zilitandazwa mwaka niliozaliwa na zimechoka kama mimi. Majiko mawili ya umeme ya kuchomea hoho yakiwaka pamoja, zinavumilia. La tatu likiwashwa, ghorofa zote nane zinazima. Basi nikapanga siku na ghorofa, nikabandika mlangoni. Walisoma wote. Walicheka wote pia, lakini walisoma.

Magunia yako mawili yalifika Jumatano na basi la Mitko. Asante sana. Hoho nzuri, nyekundu, zote kimo kimoja kama askari wa gwaride. Siku iliyofuata, Alhamisi, Bibi Stoyanka wa ghorofa ya nne akavunja zamu, umeme ukakatika katikati ya kikao changu na wakubwa wa Cork. Nimembandikia onyo. Nimetumia gundi nyingi.

Goti linaendeleaje? Na jambo moja dogo: chumba cha pili hapa kiko tupu. Bahari inaonekana kidogo, ukisimama kwenye kona na kupinda shingo. Baridi ya huko juu unaijua. Lifikirie.

Mwanao,
Svilen, Msimamizi


Gorna Bukova, 29 Septemba 2023

Mwanangu Svilen,

Barua yako imechukua siku kumi na mhuri umepigwa kombo. Waambie hao wa posta ya Burgas kwamba mhuri hupigwa kwa kiganja, haupigwi kwa hasira. Miaka thelathini na moja nimekaa nyuma ya dirisha la posta ya hapa na sijawahi kumpeleka mtu mhuri ulioinama.

Mimi ni mzima. Paka Meja ni mzima na hana shukrani. Kiro wa posta anakusalimu. Sasa anapanda huku Jumanne na Ijumaa, lakini mkoba ukiwa mtupu hapandi, na sina haki ya kumlaumu. Kwa hiyo usilegee kuandika, hata kama huna la kusema. Simu siisikii. Vile vidude vya masikio ulivyoniletea vinanisikilizisha friji tu.

Hongera kwa cheo. Marehemu mama yako angelia kwa furaha, kisha angeuliza kama sasa utaoa.

Huyo Stoyanka muonye kwa adabu. Mwanamke akishawasha jiko la hoho hana sikio lingine. Lakini nieleze: kikao hicho kilihusu nini? Umeandika mistari sita juu ya gundi na nyaya, na nusu mstari juu ya kikao. Nimefungua barua za watu wengi maishani mwangu, za wasiojua kusoma, walioniomba niwasomee, usinifikirie vibaya. Najua mtu anapopita jambo kwa ncha za vidole.

Chumba cha pili: Meja hapendi bahari.

Mama yako mdogo,
Tsonka


Burgas, 10 Oktoba 2023

Mama mdogo,

Salamu kutoka Mlango B, ambako mambo ni shwari. Taa ya ngazi za ghorofa ya sita imepona. Mzee Rangel amenigongea mara mbili leo: mara ya kwanza kuniuliza kama kesho kutakuwa na maji, mara ya pili kunijibu kwamba yatakuwepo. Bahari bado ina joto la supu iliyosahaulika mezani. Naogelea kila asubuhi, kisha nakula dagaa wa kukaanga pale ngazi za Bustani ya Bahari, nikiwa nimekaa katikati ya vijana wa Kiholanzi wenye kompyuta mapajani. Wananiita “bwana”. Wanadhani mimi ni mlinzi.

Umeuliza kuhusu kikao. Kilihusu nani abaki kufanyia kazi nyumbani na nani arudi ofisini Cork kuanzia Januari. Kila mmoja aliitwa kwa jina aseme anachotaka. Mimi nilikuwa gizani kwa ajili ya hoho za Bibi Stoyanka, nikaitwa, sikuitika. Asiyeitika ameandikwa kwamba anarudi. Basi jina langu limo kwenye orodha ya wanaorudi.

Usishtuke. Cork naifahamu, nimekaa huko miaka kumi na saba. Kuna mvua na watu wazuri.

Chumba cha pili nimekipaka rangi. Meja hatalazimika kuitazama bahari. Dirisha liko juu.

Svilen


Gorna Bukova, 3 Novemba 2023

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu. Kazi za bustani nyingi. Mwandiko umepinda kwa sababu naandikia kitandani. Siumwi, ila kitandani kuna mwanga zaidi. Theluji imeshuka mara moja, ikajutia, ikaondoka.

Sasa nisikilize, na usiniruke. Mtu aliyeandikwa vibaya kwenye orodha huandika barua kusahihisha. Mstari mmoja: “Nilikatikiwa na umeme, nataka kubaki.” Wewe ulijifunza kuandika kwangu, juu ya kaunta ya posta, miguu ikining'inia. Kwa nini hujawaandikia? Imepita miezi miwili karibu.

Kama unataka kwenda, nenda. Miaka kumi na saba ulikuwa huko na sikufa. Lakini kama hutaki na unakwenda kwa uvivu wa mstari mmoja, basi nitasema mbele ya watu kwamba si mimi niliyekufundisha.

Lyutenitsa, ile rojo yetu ya hoho, uliipika? Hujasema hata neno. Hoho zile hazikuwa za kukaa.

Tsonka


Burgas, 21 Novemba 2023

Mama mdogo mpenzi,

Ulisema niandike hata kama sina la kusema, na leo sina. Mvua inanyesha kwa ubavu. Rangel ameniletea samaki aliyekaushwa kwa chumvi na kukaa kunitazama nikimla. Nimesoma madai ya mtu mmoja wa Kerry ambaye paa la banda lake lilikutwa kwa jirani, na jirani amelipenda, hataki kulirudisha.

Ni hayo tu. Natuma ili Kiro apande.

Svilen


Gorna Bukova, 2 Desemba 2023

Mwanangu Svilen,

Barua yako ya mwisho ndiyo mbovu kuliko zote ulizowahi kuniandikia. Haina mwanzo, haina mwisho, ina samaki. Nimeiweka kwenye fremu ya picha ya babu yako, mbele yake, na babu asubiri.

Jumanne iliyopita, asubuhi, nilitoka kwenda kuchukua kuni. Kati ya kibanda cha kuni na mlango wa nyumba nikakaa chini. Sikuanguka. Nilikaa, ila ghafla, na goti likakataa kuinuka nami. Nikaita. Huku juu nyumba tatu ndizo zenye watu kipindi hiki, na mbili zina watu wasiosikia kama mimi. Nikakaa pale na Meja mapajani kwa karibu saa mbili. Theluji ilikuwa imerudi na safari hii haikujuta.

Kisha nikamwona Kiro anapanda, anapumua kama fahali. “Shangazi Tsonka, unafanya nini hapo?” Nikamwambia, “Nangoja posta.” Akanibeba mpaka jikoni, na mkoba wake begani. Ndani ya mkoba kulikuwa na kitu kimoja tu cha kijiji kizima. Cha kwangu. Samaki wa Rangel na paa la Kerry.

Bila hicho asingepanda mpaka Ijumaa. Sitasema zaidi.

Ila nitasema hili, kwa kuwa nimeshaanza. Hoho zile hazikutoka bustanini kwangu. Mwaka huu sikupanda kitu. Tangu masika goti halikunjiki. Nilimwagiza Mitko azinunue sokoni Plovdiv, nikamwambia azifungue, azifunge upya, azipake udongo kidogo. Udongo akasahau, mpumbavu yule. Nilidhani utagundua zilivyolingana, nikatunga uongo kabisa wa kukujibu. Hukuuliza. Sijui kama hukuona au uliona ukanyamaza, na siku hizi silali vizuri nikiwaza lipi ni baya zaidi.

Njoo unichukue tarehe 16. Meja atakaa kwa Kiro. Siji kwa kuogopa. Nakuja kumwona huyo Stoyanka.

Tsonka


Burgas, 9 Januari 2024

Mwanangu Svilen,

Umeondoka jana tu na tayari kumekuwa na mabadiliko ya utawala. Nakujulisha kwa utaratibu.

Kwanza, mimi ni mzima, daktari wa mifupa amenisifu nguvu za shingo, na nimeiona bahari kwa kupinda shingo hiyohiyo. Haina ubaya. Pili, Rangel alikuja kukugongea, akanikuta mimi. “Msimamizi yuko wapi?” “Amekwenda Ayalandi.” “Kutafuta kazi?” “Ndiyo,” nikasema, maana nilichoka kueleza kabla hata sijaanza. Akanipa gundi na ufunguo. Kwa hiyo sasa mimi ndiye Msimamizi, kaimu. Tatu, nimejiandikia barua mbili kwenda Gorna Bukova, ili Kiro awe na sababu ya kupanda kuangalia bomba la nyumba lisigande. Nimejiuliza habari zangu kwa upole sana.

Nne. Bibi Stoyanka amenialika kahawa. Ni mwanamke wa heshima na miwani minene. Kwa miezi minne anapita mbele ya karatasi yenye jina lake kila akienda kununua maziwa. Nikamwuliza, “Dada, kwa nini ulivunja zamu?” Akasema, “Mwenzangu, Alhamisi ile nilikuwa kwa daktari wa macho tangu asubuhi. Nilirudi jioni na bandeji, sikuona hata hiyo karatasi mpaka Jumamosi.” “Na kwa nini hukusema?” “Ah. Huyo kijana hana kazi, hana mke. Nikaona mwache awe na cheo.”

Nikaja juu kutafuta sufuria. Nyuma ya mashine ya kufulia nimekuta chupa kumi na tisa za lyutenitsa, zimefunikwa taulo. Kila chupa ina karatasi, na kila karatasi ina tarehe kwa mwandiko niliokufundisha mimi: 14 Septemba.

Mwanangu, mwizi gani anaandika tarehe?

Nimelibandua lile onyo. Nimeonja lyutenitsa, chumvi imezidi. Sasa kaa mezani uandike upya barua ya Septemba. Mimi nimekwisha kukwambia la goti na la hoho, na halikuwa jambo rahisi kwa mtu wa umri wangu. Hii zamu yako. Shati safi halihitajiki.

Mama yako mdogo,
Tsonka


Cork, 20 Januari 2024

Mama mdogo,

Nimevaa sweta lenye tundu kwenye kiwiko. Niko kwenye chumba cha kupanga kinachonuka zulia bichi. Ofisini wamenipa kiti karibu na mashine ya kahawa, nasoma madai yaleyale kwenye kompyuta ileile, na kila anayepita ananiuliza kama najua mashine inavyowashwa. Nimekuwa msimamizi huku pia.

Yaliyotokea ni haya.

Alhamisi ile ilikuwa zamu ya ghorofa ya pili na ya tano. Ya kwangu, ya saba, ilikuwa Jumapili, niliipanga mwenyewe kwa mkono wangu. Lakini hoho zako zilikuwa zimeanza kulegea mgongoni, na nilijua zimetoka mbali. Niliona, mama mdogo. Nilipofungua gunia niliona zilivyolingana, na mabaki ya uzi wa buluu, ule wa mashine ya kushonea magunia ya sokoni. Nikajua kwamba hukupanda, na kwamba hukutaka nijue. Ndiyo maana sikuweza kuziacha zioze hadi Jumapili. Sijui kulieleza vizuri zaidi ya hapo.

Kikao kilianza saa nane. Saa saba na nusu niliwasha jiko kwenye roshani, nikaiweka kompyuta dirishani. Watu themanini, kila uso mdogo kama stempu, nikasema nani ataona? Nikawa nachoma, nageuza, natikisa kichwa kila mkubwa akisema jambo zito. Mwenzetu mmoja akaniandikia kuniuliza kama nyumba yangu inaungua. Kisha Orla, mkuu wetu, akasema sasa tunaita jina moja moja, kila mmoja aseme anataka nini. Hapo ndipo umeme ulipokatika. Jiko langu lilikuwa la tatu.

Mpaka hapo ni ajali, unaweza kunihurumia. Lakini ufunguo wa chumba cha mita ulikuwa mfukoni mwangu, si ndicho cheo chenyewe. Nikashuka, nikapandisha swichi, nikapanda. Dakika sita, pamoja na kupumzika ghorofa ya nne, mlangoni kwa Stoyanka, ambako kulikuwa kimya na mlango umefungwa. Nilipofika juu umeme ulikuwa umerudi, mtandao umerudi, sauti ya Orla imerudi. Walikuwa wamefika herufi ya M. Mimi ni Tanev. Nilikuwa na muda wa kuosha hata mikono.

Umeme ulirudi. Mimi ndiye sikurudi. Nilikifunga kifuniko cha kompyuta, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamenya hoho zako zote mpaka ya mwisho, zikiwa za moto, vidole vinaungua, huku chini mtu wa ghorofa ya tano akipiga kelele, “Nani huyo mjinga?” Sikuitika huko pia.

Niliogopa lile swali. Cork nilikwenda kwa sababu binamu alishanikatia tiketi. Burgas nilirudi kwa sababu ofisi ilifunga milango mwaka ule wa korona. Hakuna mtu aliyewahi kunisimamisha na kuniuliza, wewe, Svilen, unataka nini? Na maisha haya, bahari asubuhi, dagaa mchana, paa za watu mpaka jioni, Rangel akigonga, nayapenda kiasi kwamba niliona aibu kuyataja mbele ya watu themanini. Nilidhani nikiyataja, mtu atagundua kwamba sikuyaomba na atayachukua. Bora wachukue bila mimi kusema kitu. Na nikamtwika mzigo mama wa watu mwenye bandeji machoni, kwa herufi kubwa.

Wewe pia nilikufanya hivyohivyo. Nilikuandikia kuhusu chumba cha pili kama dalali wa nyumba, mara dirisha, mara rangi, wakati nilichotaka kukuandikia ni neno moja: njoo. Ikabidi ukae kwenye theluji saa mbili kwanza.

Barua yako ilifika jana. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaenda nayo kwa Orla kabla ujasiri haujapoa. Nikamsimulia yote, magunia, swichi, ndoo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuandika chochote.

“Kwa hiyo unataka nini?” akauliza.

“Nataka kubaki Burgas.”

“Svilen,” akasema, “ungeniandikia mstari mmoja tu Oktoba. Nilikuwa naungoja.”

Alifuta jina langu hapohapo. Nitakuja huku wiki moja kila baada ya miezi mitatu, nyakati nyingine niko nyumbani. Jambo lote lilichukua muda mfupi kuliko kupanda ghorofa saba.

Narudi tarehe 2 Februari. Huenda mimi na barua hii tukafika siku moja, na tukagombania mlango. Kwa Bibi Stoyanka usinisemee, nitashuka mwenyewe na chupa mbili na uso wangu huu. Ila tangazo linaweza kutangulia, na kaimu ndiye mwenye kalamu. Andika: “Tarehe 14 Septemba umeme wa Mlango B ulikatwa na Msimamizi, akichoma hoho za mama yake mdogo nje ya zamu. Bibi Stoyanka hakuwepo.” Kwa herufi kubwa, kama zile za kwanza.

Na gundi, mama mdogo, usiibanie.

Mwanao,
Svilen